Ruaha Mkuu: huduma tuliyoahidiwa 2001 na tunachopewa hadi leo

Machi 2001, akiwa London, Waziri Mkuu wa Tanzania wakati huo, Frederick Sumaye, aliahidi kwamba ifikapo 2010 Mto Ruaha Mkuu utatiririka mwaka mzima. Ahadi ile ilikuwa na kitu ambacho ahadi nyingi za mazingira hukosa: inapimika. Huhitaji ripoti ya kurasa mia kujua kama imetimia. Nenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwezi Novemba uutazame mto. Ama maji yanatembea, ama viboko wamebanana kwenye dimbwi la tope wakigombea pa kulowesha mgongo. Mwaka 2010 ulifika ukapita, na viboko bado wanabanana.

Kwa jina la mto huu zimenunuliwa huduma za kila aina: mabanio ya zege (kuta za kukinga mto ili maji yaingie mferejini), vibali vya maji, operesheni za kuondoa mifugo, mipaka mipya ya hifadhi, miche ya miti, kikosi kazi cha serikali cha 2017. Nyingine zimelipwa na kodi moja kwa moja, nyingine na misaada, nyingine na mikopo ambayo kodi hiyohiyo italipa baadaye. Tunazipitia hapa kama mtu anavyokagua bidhaa aliyokwisha kuilipia: inafanya nini, inaharibikia wapi, fedha imekwenda mahali pake au la. Kigezo ni kimoja tu. Imeongeza lita ngapi Ng'iriama wakati wa kiangazi?

Asiyeijua Ng'iriama hawezi kukagua chochote kati ya hivi, kwa hiyo tuanzie hapo. Maji ya Ruaha Mkuu yanashuka kutoka nyanda za juu, safu za Poroto na Kipengere, kwa mito ya Mbarali, Kimani, Chimala, Ndembera na Ruaha Mkuu wenyewe, pamoja na vijito vingi vya msimu. Yote yanateremkia tambarare ya Usangu na kuingia kinamasi cha Ihefu. Ihefu ina mlango mmoja wa kutokea, mwamba wa Ng'iriama, na mwamba ule ni kama ukingo wa karai. Maji yakiwa juu ya ukingo, mto unatoka kwenda hifadhini, kisha mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu, hadi Mto Rufiji. Yakishuka chini ya ukingo hata kwa sentimita tano, hakitoki kitu. Ihefu inaweza kuwa bado ina maji na ndege wamejaa tele, huku mbele ya mwamba mto ni mchanga mtupu.

Sasa hesabu. Eneo la Ihefu linalobaki na maji kiangazi lilipungua kutoka takriban kilomita za mraba 160 mwaka 1958 hadi 93 mwaka 2004. Chukua hizo 93, jua na majani vinyonye milimita 6 kwa siku. Hiyo ni mita za ujazo 558,000 kila siku, karibu mita za ujazo 6.5 kwa sekunde, zinazopanda hewani kabla tone moja halijavuka mwamba. Ndiyo maana watafiti waliopima Ihefu walifikia wastani wa takriban mita za ujazo 7 kwa sekunde kuwa ndizo zinazopaswa kuingia kiangazi ili nusu mita ya ujazo tu kwa sekunde ivuke Ng'iriama. Walipopima, yaliyokuwa yakiingia yalikuwa karibu nusu ya hapo. Shika namba hizi mbili, 7 na nusu yake. Kila huduma inayofuata inajibu pengo hilo au hailijibu.

Mabanio ya zege

Hii ndiyo bidhaa iliyogharimu sana na kudhuru sana, japo ni nzuri kuitazama. Kati ya 1996 na 2003 mradi wa usimamizi wa mabonde na uboreshaji wa umwagiliaji, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ulijenga upya mabanio ya wakulima wadogo. Wazo lilikuwa kwamba banio la kienyeji hupoteza maji, na la zege litaokoa.

Banio la kienyeji ni miti iliyochomekwa kwenye mto, nyasi, mawe na tope. Linavuja. Mvua kubwa ikija linasombwa, wakulima wanalijenga tena kwa nguvu zao. Huko kuvuja, kulikoitwa upotevu kwenye karatasi za mradi, ndiko kulikokuwa mgawo wa mto: maji yakiwa mengi mfereji ulipata mengi, yakiwa machache mto nao ulibakiwa na chake. Zege halivuji. Ukuta unazuia mto mzima, kina kinapanda, na lango la mfereji liko hapohapo ubavuni. Kiangazi, mto ukiwa na lita 300 kwa sekunde, banio lina uwezo wa kuingiza zote 300 mfereji.

Kwa kawaida banio huwa na lango la pili, la kusafishia mchanga, ambalo lingeweza kupitisha maji ya mto. Ukilikagua Septemba utakuta mbao zimepangwa hadi juu, viroba vya mchanga vimelazwa mbele yake, na mianya imezibwa kwa tope na majani ya mgomba. Kazi hiyo hufanywa kwa ustadi. Anayeiziba si mhalifu. Amepewa chombo kinachomruhusu kuchukua yote na hajapewa alama inayomwonyesha mwisho wa fungu lake.

Rekebisho lake halihitaji mradi mpya. Kata mwanya kwenye ukuta wa banio, usio na lango wala mbao, upana wake umekokotolewa ili lita za mto zipite kwanza kabla kina hakijafika kizingiti cha mfereji. Mwanya usiozibika kirahisi, wenye kingo za chuma, unaoonekana kutoka barabarani. Banio lisilo na mwanya huo tusingelipokea hata kwa bure.

Vibali vya maji

Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, yenye makao Iringa, hutoa vibali chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009. Zamani viliitwa haki za maji. Kibali kinataja lita kwa sekunde na mwenye nacho hulipa ada ya mwaka. Kwa karatasi ni utaratibu safi. Tatizo lake ni la hisabati. Mto wa Usangu masika unaweza kubeba maji mara mia ya yale ya kiangazi, na kibali kinachotaja lita zilezile mwaka mzima kinakuwa kidogo mno Machi na kikubwa mno Oktoba. Ukijumlisha vibali vya mto mmoja, kiangazi jumla inazidi maji yaliyopo, na kila mwenye kibali yuko sahihi kisheria anapochukua tone la mwisho.

Kuna la pili, na wanaokaa vijijini wanalijua. Mkulima aliyelipa ada anajiona amenunua maji. Kabla ya ada alikuwa akiona haya kumnyima wa mkiani, mwenye shamba mwisho wa mfereji. Baada ya ada, risiti ipo mfukoni. Tungekubali vibali kama vingeandikwa kwa fungu, kwa mfano sehemu mbili kati ya kumi za maji yanayofika, na kama kila mfereji ungekuwa na ubao wa kusomea kina. Bila ubao huo, kibali cha lita 150 hakimwambii kitu mlinzi wa lango.

Ubao ukikosekana, jumuiya ya watumia maji inaweza kupima kwa chungwa. Chagua kipande cha mfereji kilichonyooka, mita 10. Pima upana na kina katikati na pembeni. Tupa chungwa majini mwanzo wa kipande, hesabu sekunde hadi lifike mwisho, rudia mara tano. Mfereji wa upana mita 1.2 na kina cha wastani 0.4, chungwa likitumia sekunde 25: mwendo ni mita 0.4 kwa sekunde, zidisha kwa eneo 0.48, kisha kwa 0.8 kwa sababu maji ya juu hukimbia kuliko ya chini. Unapata mita za ujazo 0.154, yaani lita 154 kwa sekunde. Kosa la kawaida ni kupima karibu na lango, mahali maji yanapopinda na kuzunguka. Jibu hutoka kubwa kuliko ukweli. Shuka angalau mita 30 chini ya lango.

Operesheni ya 2006 na kupanua hifadhi

Mwaka 2006 serikali iliondoa wafugaji na mifugo Ihefu, wengi wakaelekea Rufiji, Kilwa na Lindi. Mwaka 2008 iliyokuwa Pori la Akiba Usangu ikaunganishwa na Ruaha, hifadhi ikafika zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Kama kazi ya kulinda makazi ya wanyama na mazalia ya samaki, tunaiacha wajadili wenye utaalamu wa wanyama. Kama huduma ya kurudisha maji, ilikuwa imenunuliwa kwa hesabu isiyofanywa. Chukua ng'ombe 300,000, kila mmoja anywe lita 40 kwa siku. Jumla ni mita za ujazo 12,000, yaani 0.14 kwa sekunde. Linganisha na zile 6.5 zinazopanda hewani, au na pengo la 3.5 linalotafutwa. Mifugo inakanyaga kingo, inachafua, inamaliza nyasi, na hayo yana uzito wake. Lakini haiwezi kunywa mto. Watu walihama, mto ukaendelea kukauka.

Tukiwa hapo, tuseme na la umeme, maana ndilo lililoanzisha makelele. Lawama za mgao wa umeme wa miaka ya 1990 zilibebeshwa Usangu. Uchunguzi uliofanyika baadaye ulionyesha kwamba maji yanayojaza Mtera huja masika, mafuriko, na kwamba namna mabwawa ya Mtera na Kidatu yalivyoendeshwa ilichangia zaidi kuliko majaruba. Mita za ujazo chache za kiangazi zina maana kubwa kwa viboko na mamba. Kwa bwawa la ukubwa wa Mtera ni senti mfukoni mwa tajiri.

Miti na mita 60

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Bikoni, yaani nguzo za kuonyesha mpaka huo, zikisimikwa juu milimani, kwenye vyanzo, ni fedha iliyotumika vizuri: bonde dogo lililofunguliwa kwa vinyungu, bustani za bondeni, huchimbiwa mitaro, na mitaro inakausha udongo uliokuwa ukitoa maji taratibu hadi Novemba. Kuziba mitaro ile kwa udongo na magogo, kila baada ya mita 10 hadi 15, kunarudisha unyevu haraka kuliko mche wowote. Bikoni zikisimikwa tambarare ya Usangu ni kazi ya mashaka. Mito huko hubeba mchanga na kuhama. Baada ya misimu michache bikoni inaweza kujikuta katikati ya jaruba na mto umeshapita upande wa pili.

Miti ndiyo bidhaa inayopendwa na wapiga picha. Mikaratusi kwenye chanzo ni kosa la wazi, inakunywa. Mivengi na mikuyu inafaa, ikipandwa mvua zikishashika, shimo la sentimita 60 kila upande, udongo wa juu ukirudishwa chini. Ila usinunue mti ukitarajia lita. Mti unashikilia udongo na kupunguza mchanga unaojaza mabanio. Maji ya kiangazi hauyaongezi ndani ya muda wa bajeti yoyote. Na ripoti inayotaja miche iliyopandwa bila kutaja iliyo hai baada ya miezi 12, irudishwe kwa mwandishi.

Kilimo shadidi cha mpunga

Hapa angalau tunagusa maji yenyewe. Mwaka 1970 Usangu ilikuwa na takriban hekta 10,000 za umwagiliaji. Miaka ya mwanzo ya 2000 zilizidi 40,000 mvua zikiwa nzuri, mashamba makubwa ya Mbarali, Kapunga na Madibira yakiwemo. Kilimo shadidi kinaelekeza hivi: miche itoke kitaluni ikiwa na siku 8 hadi 12, ipandwe mmoja mmoja, sentimita 25 kwa 25. Ekari inakuwa na mashimo kama 64,000 na kilo 3 za mbegu zinatosha. Maji ya sentimita 2 hadi 3, kisha yaache yakauke mpaka udongo uanze kupasuka nyufa nyembamba kama nywele, ndipo urudishe. Kipalizi cha kusukuma kipite siku ya 10 na kila baada ya siku 10, mara tatu au nne.

Kinaharibikia wapi? Kwanza jaruba lisilosawazishwa: mahali palipoinuka miche michanga inakufa, mahali palipozama inaoza, mkulima analaumu mbinu. Pili vibarua, mche wa siku 10 ni kama uzi, kuupandikiza kunachukua muda, na bei yao inapanda. Tatu, na hili ndilo kubwa, zamu. Ukijua zamu yako ya maji itarudi baada ya wiki mbili, huwezi kuthubutu kukausha. Utajaza jaruba hadi juu ya tuta na kulinda usiku. Kilimo shadidi bila zamu ya kuaminika ni semina tu.

Hata kikifanikiwa, maji yaliyookolewa hayaendi Ng'iriama yenyewe. Yanashuka mfereji huohuo, na wa mkiani, ambaye miaka yote alikuwa akipata matope, anafungua ekari mbili zaidi. Huwezi kumlaumu. Bila kushusha lango la banio kwa kiasi kilichookolewa, mradi umeongeza mpunga na haujaongeza mto. Mpunga ni kitu chema, lakini fedha iliombwa kwa jina la mto.

Na kuna wanaowahi. Kitalu cha Oktoba kinatoa mpunga unaouzwa kabla ya msimu, bei ikiwa juu. Kulowesha ekari moja iliyokauka kwa milimita 200 ni mita za ujazo 800. Ekari 1,000 zikiwahi hivyo, zimemeza 800,000, zaidi ya kile Ihefu yote inachopoteza kwa siku nzima, tena katika mwezi ambao mto uko chini kabisa.

Visima: bidhaa isiyotangazwa

Mifereji mingi haifungwi kiangazi kwa sababu vijiji vinakunywa humo. Kijiji cha watu 5,000, lita 30 kila mtu, kinahitaji lita 1.7 kwa sekunde. Ili lita hizo zifike kwenye mfereji wa udongo wenye kilomita kadhaa, banioni zinaingizwa 100 au 200, nyingine zote zinaishia ardhini, kwenye magugu na jua. Kisima kirefu chenye pampu na tangi, au bomba kutoka mlimani, kinaruhusu lango lifungwe bila kumnyima mtu maji ya kunywa, tena safi kuliko ya mfereji waliokojolea ng'ombe. Kwa lita inayorudi mtoni kwa kila shilingi, hatujaona kinachoikaribia huduma hii, na ndiyo inayopata mistari michache kabisa kwenye maandiko ya miradi. Sharti lake moja: lango lifungwe wiki kisima kinapoanza kutoa maji, kwa makubaliano yaliyoandikwa kabla ya kuchimba. Ukichelewa, utakuwa umetoa kisima na mfereji vyote viwili.

Bidhaa nyingine ya bei ndogo ni ubao wa gololi uliotumiwa na mradi wa utafiti uliofanya kazi Usangu kuanzia 2001. Ni ubao wenye mteremko, katikati mto, pembeni vishimo kama vya bao, kila kishimo shamba. Gololi zinaachiwa kutoka juu, wachezaji wanaweka vijiti kuzikinga. Raundi ya kwanza wa juu wanajaza, wa chini wanabaki mikono mitupu. Wakulima wa juu wanapokalishwa mkiani mwa ubao, mazungumzo hubadilika kabla ya chakula cha mchana. Seremala wa mjini anaweza kuutengeneza. Mshauri mwelekezi hauzi kitu kinachofanana nao.

Tarehe, ambayo hakuna anayeiuza

Makelele kuhusu Ruaha huanza Novemba, picha za samaki waliokufa zikishasambaa. Ndipo viongozi hufika na malango hufungwa mbele ya kamera. Rudi kwenye karai. Ihefu ikishashuka sentimita 20 chini ya mwamba, pengo la kujaza ni mita za ujazo milioni 18.6. Ukiongeza mita moja nzima ya ujazo kwa sekunde juu ya kinachonyonywa na jua, itachukua siku 215. Mvua zitakuwa zimefika na kuondoka. Lango linalofungwa Novemba halileti tone mwaka huo. Linaloleta ni lile lililoshushwa Juni na Julai, mto ungali unavuka Ng'iriama na hakuna mwandishi wa habari aliyekuja.

Mkopo wa dola milioni 150 ulioidhinishwa 2017 kwa ajili ya utalii wa kusini ulikuwa na fungu la maji ya Ruaha Mkuu, na fungu hilo lilikuwa limeandikwa vizuri kuliko mengi yaliyotangulia. Malipo yalisimamishwa Aprili 2024 kufuatia malalamiko ya wananchi wa jirani na hifadhi, na mradi ukafungwa Novemba mwaka huo. Kwa hiyo kinachobaki ni kile ambacho bodi ya bonde na jumuiya za watumia maji zinaweza kufanya kwa bajeti yao ya kawaida, na kikao cha kukikagulia ni kile cha kuanza kiangazi. Ukialikwa, omba muhtasari uwe na mambo manne: kina cha maji Ng'iriama siku ile, lita zitakazobaki mtoni chini ya kila banio kuanzia Julai, orodha ya mifereji ambayo vijiji vyake havina kisima, na jina la mtu anayeshika ufunguo wa lango usiku.